Acha gari, panda treni: egesho la mbali, la ukingoni, au kituo bila egesho?

Kila Ramadhani mazungumzo haya hurudi barazani kwetu Kijichi, Unguja, na chanzo chake ni kile kile: mtu kaondoka sokoni Darajani saa kumi alasiri na tende zake na chane ya ndizi, adhana ya magharibi ikamkuta bado yuko Mtoni ndani ya gari, kafungua kwa maji ya chupa. Akishafika, lazima atokee wa kusema: "Ingekuwepo treni." Na treni ikishatajwa, ubishi haukai kwenye treni. Unahamia kwenye pakingi.

Ami yangu anaishi Mahonda, huko shamba, ana gari, na yeye anataka kila kituo kiwe na uwanja mpana wa kuegeshea. Jirani yetu, mama wa makamo anayepanda daladala ya 502, ile ya Bububu, asubuhi na jioni, humjibu vile vile kila mwaka: "Wewe shekhe unataka gari lako lipewe kiwanja, na mie mwanangu kaoa juzi hana pa kujenga." Nimewasikiliza hadi nimeona heri niyaandike, maana wote wawili wana hoja, ila kila mmoja anazungumzia kituo chake.

Unguja haina treni leo, lakini si kisiwa kigeni kwa reli. Sayyid Barghash aliweka reli fupi ya kwenda Chukwani mwaka 1879. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ikakamilisha reli ya maili 7 kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, na katika miaka ya 1920 ikaacha kuchukua abiria. Wakati ule pakingi haikuwa neno. Watu walikuja kituoni kwa miguu. Sasa Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una watu wapatao 893,000 kwa sensa ya 2022, na jioni inaonekana kana kwamba wote wameamua kupita Michenzani.

Treni ninayoizungumzia hapa ni ile nyepesi ya mjini, tramu: inatumia umeme, inapita juu ya reli iliyolazwa barabarani au kando yake, vituo vyake viko karibu karibu, na gari moja la urefu wa mita 30 hubeba watu 200 hivi. Miji iliyonazo imejaribu namna tatu kuu za kuwapokea wenye magari. Nazilinganisha moja moja, halafu kila moja nailaza juu ya barabara zetu nione inakaaje.

Egesho la mbali, reli inapoishia

Hii ndiyo ndoto ya Ami. Unatoka shamba, unafika kituo cha mwisho kabla hujaingia kwenye foleni, unaacha gari, unapanda. Calgary ya Kanada imefanya hivi tangu treni yake ianze mwaka 1981, na vituo vya pembezoni mwa mji ule vimezungukwa na viwanja vya magari. Nottingham ya Uingereza ilianza tramu yake mwaka 2004, ikairefusha mwaka 2015, na sasa ina maegesho saba yenye nafasi zaidi ya 5,000, kuegesha bure. Lile la Toton Lane, jirani na barabara kuu ya M1, lina nafasi 1,400 peke yake.

Ami akisikia "bure" anapiga paja. Lakini sikuzote namwambia asubiri nusu ya pili ya habari. Calgary kuegesha gari katikati ya mji ni ghali kweli kweli, kwa sababu halmashauri yenyewe ilikusudia nafasi za mjini ziwe chache. Nottingham nayo tangu 2012 inawatoza waajiri: ofisi yenye nafasi 11 au zaidi za magari ya wafanyakazi inalipa kila mwaka kwa kila nafasi, na fedha hizo ndizo zilizosaidia kulipia urefushaji wa tramu. Ile pakingi ya bure ya nje inalipwa na pakingi ya ndani. Ukiichukua ya kwanza ukaiacha ya pili, umechukua kifuu ukaacha nazi.

Na bure yenyewe ina shida yake. Calgary ilijaribu mwaka 2009 kutoza dola 3 kwa siku kwenye viwanja vyake, watu wakapiga kelele, na mwaka 2011 ikaiondoa tozo ile na kuweka nafasi za kukodi kwa mwezi. Kitu ukishakitoa bure kukirudishia bei ni kazi. Kwa hiyo kama tutakuwa na egesho, liwe na bei tangu siku ya kufunguliwa, hata kama ni ndogo ya kununulia kahawa na kashata.

Sasa hesabu, na hapa ndipo jirani yetu anapokuwa na nguvu. Gari moja, ukijumlisha na njia ya kuingilia na kugeuzia, linataka mita za mraba 25 hadi 30. Tuseme 28. Egesho la magari 300 ni mita za mraba 8,400, yaani eka mbili na ushei. Katika eka tatu ambazo familia ilipewa baada ya Mapinduzi, umekula mbili kwa ajili ya magari yaliyolala kutwa. Na yamekuletea watu wangapi? Wengi huendesha peke yao. Tukisema kila magari matano yana watu sita, ni watu 360. Hao hawajazi tramu mbili. Daladala zenye kuchukua watu 18 zingewaleta kwa safari 20, na eneo la kushushia halizidi uwanja wa skuli.

Kwa hiyo egesho la mbali lina maana pale tu ambapo watu wamekaa mbali mbali kiasi kwamba daladala hazijai, na ambapo ardhi si ya kujengea nyumba. Unguja naziona sehemu mbili za namna hiyo. Ya kwanza ni Tunguu: wanaotoka Makunduchi, Jambiani na Paje wote wanapita pale, na kampasi kuu ya SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, iko hapo hapo, kwa hiyo treni ya asubuhi isingerudi tupu. Inakuja mjini na wafanyakazi, inarudi na wanafunzi. Ya pili ni Mahonda kwa Ami, ingawa reli kufika Mahonda ni mwendo mrefu, na tramu inayosimama kila baada ya mita mia tano itamchosha kabla hajafika Mtoni. Nimemwambia hivyo. Kanuna wiki nzima.

Kitu kimoja ambacho wasanifu wa nchi za baridi hawakisemi ni jua. Gari lililolala juu ya lami wazi toka saa moja asubuhi hadi saa tisa, ukilifungua umefungua tanuri. Na masika maji yanatafuta mahali pa kukaa. Anayekumbuka Mwanakwerekwe na Kibonde Mzungu zilivyokuwa zikijaa hahitaji kuelezwa uwanja wa lami wa eka mbili unafanya nini mvua ikishuka. Egesho letu liwe la kokoto au matofali yanayopitisha maji, na miti. Ukipita Bungi uone ile njia ya miembe ya Bi Khole, utajua kivuli cha barabarani kwetu si jambo jipya.

Egesho la ukingoni mwa mji

Hapa mfano wangu ninaoupenda ni Strasbourg, Ufaransa, kwa sababu mji wake wa kale ni kisiwa kilichozungukwa na maji, umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1988, kama Mji Mkongwe ulivyoingia mwaka 2000. Tramu ilipoanza mwaka 1994, magari yalikuwa yameshaondolewa kwenye uwanja mkuu wa katikati. Ukingoni wakaweka maegesho, na tiketi ya kuegesha ikawa ndiyo tiketi ya treni: unalipa mara moja kwa gari, na wote waliomo ndani, hadi watu saba, wanakwenda mjini na kurudi.

Naomba tusimame hapo kidogo, maana hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Chukua familia ya watu sita wanaokwenda Darajani siku tatu kabla ya Idi kununua nguo za watoto. Kila mtu akilipa nauli yake kwenda na kurudi, ni nauli 12, na baba atafanya hesabu palepale barazani: heri mafuta. Atakwenda na gari mpaka Mkunazini, atalizungusha nusu saa, atalipanda juu ya njia ya waenda kwa miguu. Lakini tiketi ikiwa ni moja kwa gari zima, hesabu inageuka. Kadiri gari linavyojaa ndivyo treni inavyokuwa rahisi, na egesho linapokea watu wengi kwa nafasi ile ile. Sisi tunaopakia jamaa mpaka mlango haufungi tungeifanya tiketi ile ifanye kazi kuliko Wafaransa wenyewe.

Oxford walitangulia, lakini kwa mabasi: egesho lao la kudumu la Redbridge lilifunguliwa mwaka 1973 ili kuulinda mji wa kale usigeuke karakana. Miaka mingi baadaye mtafiti Mwingereza, Graham Parkhurst, akaangalia maegesho ya namna hii akaonyesha jambo lisilopendeza. Baadhi ya watu waliokuwa wakipanda basi kutoka nyumbani hadi mjini waliacha basi, wakaanza kuendesha gari hadi egeshoni. Mjini magari yakapungua kidogo, nje ya mji yakaongezeka. Na basi la kijijini likabaki na abiria wachache, likawa la kutiwa mashakani.

Kwetu hatari hiyo ingetokea wapi? Maruhubi. Ukiweka egesho kubwa pale, mtu wa Bububu ambaye leo anapanda 502 ataona aibu kuacha gari nyumbani, na barabara ya Bububu, ambayo ndiyo tuliyotaka kuipunguzia mzigo, itazidi kubanwa hadi mlangoni pa egesho. Utakuwa umehamisha foleni kutoka Malindi, bandarini, ukaileta Maruhubi, na umelipa.

Halafu kuna boti. Hili sijaliona katika mji wowote niliousoma, na kwetu ndilo la kwanza kutokea. Reli ikifika karibu na Malindi, egesho lolote la ukingoni litajazwa na magari ya waliovuka kwenda Dar es Salaam au Pemba, nao hawarudi jioni. Wanarudi Jumapili, au baada ya arubaini ya marehemu. Gari moja la namna hiyo linanyima nafasi watu watatu wa Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Dawa yake ni bei: siku ya kwanza nafuu pamoja na nauli, siku ya pili ghali, ya tatu ghali zaidi. Na wenye safari watengewe sehemu yao yenye mlinzi.

Lakini egesho la ukingoni lina sifa ambayo la mbali halina: linaweza kuazima. Nottingham wana egesho liitwalo Forest, kwenye uwanja wa michezo na matamasha. Inapofika Goose Fair, tamasha lao la kila mwaka, magari ya abiria wa tramu huambiwa yatafute pengine. Sisi tunao uwanja wa Amani, ambao siku za kazi asubuhi hauna mechi, na tunao msikiti mkubwa wa Mazizini, ambao siku yake ya kujaa ni Ijumaa mchana. Eneo lenye lami tayari, lenye geti, lenye taa. Kituo cha treni kikiwekwa hatua chache kutoka hapo, umepata egesho bila kuchimba eka ya mtu. Kinachotakiwa ni ratiba na maelewano, na kwamba Ijumaa wenye magari wajue mapema.

Kituo bila egesho

Addis Ababa ilianza treni yake nyepesi mwaka 2015, njia mbili, kilomita 34 hivi, na egesho la magari halikuwa sehemu kubwa ya mpango ule. Watu wanafika kwa miguu na kwa teksi za abiria. Treni zikajaa kupita kiasi. Aliyesema Mwafrika hatapanda treni bila pakingi akajibiwa na foleni ya vituoni. Kilichokuja kuiumiza ni vipuri: treni nyingi zililala karakana, zilizobaki zikachelewa, na mtu aliyefika kituoni akangoja nusu saa alirudi kwenye teksi yake. Hata mwenye gari angefanya hivyo. Egesho zuri kuliko yote duniani mbele ya treni inayokuja kila nusu saa ni kiwanja tu.

Dar es Salaam, mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, walitumia mabasi mlishi: basi dogo linakukusanya mtaani linakushusha kwenye kituo kikubwa. Neno hilo Unguja hatulitumii, lakini jambo lenyewe tunalo siku zote. Daladala ikiacha kukimbilia stendi ya Kijangwani, ikakatisha safari yake kituoni na kurudi mtaani, ndiyo mlishi.

Kwenye barabara ya Bububu nasimama na jirani yetu bila kusita. Kuanzia Maruhubi hadi Bububu nyumba zinafuatana, watu wamejaa pande zote mbili za barabara, na wengi wao hawana gari. Ardhi ya mita mia tatu kutoka kituoni pale ni ya dhahabu. Iwe na nyumba za ghorofa, duka la dawa, mahali pa kushushia daladala kutoka Kijichi na Dole, na banda lenye paa la vespa na baiskeli. Katika nafasi ya gari moja unaweka vespa tano au sita kwa raha, na kwa visiwa hivi vespa ndiyo gari la watu.

Bodaboda wanataka neno lao. Miji ya Ulaya haina namna ya kuwafikiria, kwa hiyo michoro inayoletwa haitakuwa na mahali pao. Wasipopewa, watajipa. Watasimama mbele ya mlango wa kituo, na mama mwenye mtoto mgongoni atapita katikati ya pikipiki kumi zinazounguruma. Heri wachorewe mahali pao tangu mwanzo, upande wa pili na daladala, wenye kivuli na foleni.

Basi lipi kwa nani

Kama shehia yako iko kwenye barabara iliyojaa nyumba na daladala zinapita kila dakika chache, usikubali eka mbili za pakingi hata ukiambiwa ndiyo maendeleo. Omba njia za miguu zinazopitika masika, taa, banda la vespa na kituo cha daladala. Magari yapewe nafasi chache tu: za walemavu, na za anayemshusha mgonjwa.

Kama uko njia panda ya shamba, mfano wa Tunguu, egesho la wastani linafaa. Mimi ningeanza na nafasi 150 na kubakisha ardhi ya akiba iliyopandwa miti, badala ya kuanza na 500 na kuona majani yanaota katikati ya mistari. Kwa wenye kutoka mbali zaidi, Nungwi kwa mfano, egesho halitamaliza kazi. Wao wanataka daladala ya 116 iungane na treni kwa tiketi moja.

Kama uko ukingoni mwa mji, tafuta kwanza cha kuazima kabla ya kujenga. Na bei ya kuazima iandikwe pamoja na nauli, kwa gari zima.

Kuna sharti moja ambalo halina barabara yake, linazihusu zote, na barazani likitajwa kila mtu anaangalia pengine. Kama mjini kati, yaani Vuga, Shangani na Mkunazini, mtu ataendelea kuegesha kwa bei ya chini kuliko nauli ya familia yake, au bila bei kabisa, hakuna egesho la nje litakalojaa. Nilimuuliza Ami: ukijua utapata nafasi ya bure mbele ya ofisi, utaacha gari Tunguu, Mtoni au popote? Akasema hataacha. Nikamuuliza, na ikiwa nafasi ile inalipiwa kwa saa? Akamimina kahawa, akanywa, akaniambia itategemea treni ya mwisho inaondoka saa ngapi, kwa sababu yeye Ramadhani anasali tarawehe mjini na hawezi kurudi Mahonda kwa bodaboda.

Ana haki. Wengi wa wanaopanga hufikiria saa moja asubuhi na saa tisa alasiri. Mji wetu mwezi mmoja katika mwaka unaamka usiku, na kipindi cha Idi watu wanajaa Mnazi Mmoja mpaka usiku mwingi. Egesho linalofungwa saa mbili usiku halina kazi kwetu mwezi ule. Jirani yetu alipolisikia hilo alicheka, akasema basi angalau kitu kimoja wamekubaliana, na akataka aandikwe: treni ya mwisho iondoke saa tano na nusu, na daladala ya Kijichi iwe inamngoja.